Damu Niliyomnyima Baba Mkwe

Nilipoolewa na kuhamia Tunduma nilikuwa mwalimu wa kisomo. Alasiri watu wazima waliotoka shambani au kwenye kubeba mizigo ya reli walikuja kukaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia kugusa videvu, nami nikiwaandikia irabu ubaoni. Mume wangu alikuwa fundi wa njia ya reli, mtu mkimya ambaye hata salamu huifikiria kabla ya kuijibu. Tulipanga chumba kimoja kwa mama wa Kiislamu aliyetoka Kigoma, mwuza vitenge, mjane mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Sisi tulimwita Mama Mwenye Nyumba tu.

Kwetu mimi ni Hasamba, Mbozi. Kwao mume wangu ni Ibaba, huko juu milimani Ileje, ambako kuna baridi hata jua likiwa limewaka. Wao wana desturi ambayo kwetu haikuwa kali vile: mkwe wa kike humwogopa baba mkwe wake. Kumwogopa maana yake si hofu. Ni heshima. Hamtazamani, hamkai chumba kimoja, hamzungumzi. Akipita njiani, wewe unaingia kwenye migomba hadi apite. Katika miaka mitatu ya ndoa nilikuwa nimeuona mgongo wa baba mkwe wangu mara mbili na kofia yake mara moja. Sauti yake niliijua vizuri kwa sababu aliimba nyimbo za kanisani akipasua mbao.

Katika miaka hiyo mitatu mimba mbili ziliharibika. Ya kwanza mume wangu aliijua, tukalia pamoja. Ya pili ilitoka akiwa kambini kwenye reli kwa majuma mawili, na aliporudi nilikuwa nimeshafua kila kitu. Sikumwambia. Nilijiona kama mtu aliyekabidhiwa chungu akakivunja mara mbili. Nilichobaki nacho kilikuwa kizunguzungu. Siku moja chaki ilinidondoka mkononi darasani, na nilipoinama kuiokota nikajikuta nimekaa sakafuni, wanafunzi wangu wamenizunguka.

Mmoja wao, mama mtu mzima aliyekuwa anauza karanga mpakani, alinifuata nje baada ya kipindi.

"Mwalimu, wewe damu imekupungukia. Nenda ukachomwe ile sindano nyekundu."

Sindano nyekundu ilikuwa vitamini. Mchomaji alikuwa mtu mmoja mpole mwenye miwani, aliyekaa chumba cha nyuma katika duka la mshonaji. Dawa aliipata ng'ambo, upande wa Zambia, na watu walimwita daktari ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kujiita hivyo. Alikuwa na sindano moja ya kioo na ncha mbili za chuma. Alizichemsha ndani ya kopo la maziwa juu ya jiko la mkaa. Watu wakiwa wachache maji yalitokota sawasawa. Wakiwa wengi, aliichovya ncha ile, akaikung'uta, akamwita anayefuata.

Aliniambia nichomwe kumi, Jumanne na Ijumaa. Sitadanganya: nilizipenda. Dawa ikiingia tu, ladha yake ilinijia mdomoni, kama nimelamba sarafu, na nikitoka pale nilitembea kwa nguvu ambazo sikuwa nazo nilipoingia. Labda zilikuwa nguvu za vitamini. Labda zilikuwa nguvu za kuguswa bega na mtu anayesema, "Utapona, dada, usijali." Mume wangu hakujua. Rafiki yake wa kazini aliwahi kuota jipu baya pajani kwa sindano za mitaani, na mume wangu alikuwa ameapa kwamba nyumbani kwake hazitaingia.

Nilikuwa nimechomwa ya nane habari zilipokuja kutoka Ibaba. Gogo lilikuwa limeteleza kwenye jukwaa la kupasulia mbao likamwangukia baba mkwe, likamvunja paja na kumchana. Vijana wa kijiji walimbeba kwa machela hadi barabarani, na lori lililokuja kuchukua pareto likampeleka hospitali upande wa Mbozi. Tulipata lifti asubuhi ile ile. Tulipofika tulimkuta mama mkwe amekaa kwenye nyasi nje ya wodi ya wanaume, kanga yake imekaukiwa damu, na mdogo wake baba mkwe, ambaye mume wangu humwita baba mdogo, amesimama ukutani.

Daktari alitoka akatueleza bila kuzunguka. Mzee alikuwa amepoteza damu nyingi. Alitaka kumpasua, asafishe kidonda na kuunga mfupa, lakini hawezi kumlaza mezani bila kumwongezea angalau chupa moja. Chupa ya akiba haikuwapo. Ndugu watoe.

Aliyeshughulika na damu alikuwa mzee wa maabara mwenye mvi, aliyevaa koti jeupe lililofuliwa hadi likaonyesha nyuzi. Akatuchoma vidole mmoja baada ya mwingine. Mgonjwa alikuwa kundi O, akasema, na kundi O halipokei damu ya kundi lingine. Mume wangu ikawa haifanani. Baba mdogo haifanani. Mzee wa maabara alimtazama mama mkwe kope za macho tu, akamwambia, "Wewe mama yangu, ungehitaji kupewa, si kutoa." Kisha akaja na kioo kidogo chenye damu yangu mkononi, anatabasamu.

"Huyu ni O."

Wote wakanigeukia, na furaha iliyokuwa nyusoni ikasimama katikati. Damu ya mkwe iingie mwilini mwa baba mkwe? Wakati hata kivuli chake hairuhusiwi kukikanyaga? Mama mkwe aliinuka taratibu akaingia wodini kumwuliza mumewe. Nilibaki nyuma ya mlango, na sauti ile niliyoizoea kwa nyimbo ikanifikia, dhaifu, ikitafuta pumzi.

"Amekubali mwenyewe?"

"Bado hajaulizwa. Unaulizwa wewe kwanza."

Mzee akasema, "Mimi nimemwogopa mtoto huyu miaka yote kwa kumheshimu. Kama yeye ananiheshimu hadi kunipa damu, nitaikataaje? Mwambieni aje. Mwambieni ndaga."

Ndaga ni asante yao. Nilikuwa nimeambiwa asante kabla sijatoa hata tone.

Katika chumba cha maabara mzee yule alinilaza kwenye kitanda chembamba akaanza kuniuliza maswali, kalamu mkononi. Nimewahi kuugua kifua kikuu? Hapana. Nimewahi kugeuka manjano, macho au ngozi? Hapana. Nina mimba? Hapana. Swali hilo lilinipitia kama upepo wa baridi lakini nikalijibu.

"Kuna dawa yoyote unayotumia? Ya kunywa au ya sindano?"

"Hapana," nikasema.

Lilitoka kirahisi mno. Nilijiambia kwamba vitamini si dawa, ni kama chakula. Nilijiambia kwamba kama ni nguvu, basi mzee atapata damu yenye nguvu. Nilikuwa na sababu nyingi, na mtu mwenye sababu nyingi kwa jambo moja mara nyingi anaficha ile moja. Yangu ilikuwa kwamba mume wangu alikuwa nje ya mlango, na nikisema sindano atauliza za nini, na nikisema za nini itabidi niseme mimba ya pili.

Mzee akanifunga mpira mkononi. Kisha akafungua chombo cha kuchemshia, mvuke ukamfunika uso, akaitoa ncha ya sindano kwa koleo, bila kuigusa, akaiweka juu ya kitambaa kilichochemshwa nacho. Alisubiri ipoe. Alikuwa na mgonjwa anayekufa chumba cha pili, na bado alisubiri. Nikaliona kopo la maziwa. Nikaikumbuka Ijumaa iliyopita, foleni ya watu saba mbele yangu, na mbeba mizigo aliyechomwa kabla yangu, ambaye alipogeuka kunipisha niliona weupe wa macho yake umekuwa rangi ya mafuta ya mawese. Niliona. Nikalala nikachomwa, kwa sababu nilikuwa nimeshafika.

"Ngoja, mzee," nikasema. "Nimekudanganya."

Hakufoka. Alivuta kigoda akaketi, nami nikamweleza yote, hata mimba. Alipotaka kujua sindano ile ilichemshwa vipi nilimwambia kweli. Alipotaka kujua kuhusu yule mtu wa macho ya manjano nilimwambia kweli. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya koti.

"Vitamini yenyewe hainitishi, mwanangu. Kinachonitisha ni ile ncha. Inabeba damu ya huyu kwenda kwa yule. Hapa nina darubini. Malaria naiona. Minyoo naiona. Ugonjwa wa manjano ukiwa ndani ya damu ya mtu ambaye bado hajaumwa, siuoni. Sina chombo cha kuuona isipokuwa mdomo wa mwenye damu."

"Kwa hiyo ninao?"

"Sijui. Huenda huna. Lakini mzee yule hana nguvu za kubahatisha."

Akaufungua mpira mkononi mwangu. Akaenda kuzungumza na daktari, akarudi. Daktari alikuwa amesema wasubiri hadi kesho asubuhi, wamtie maji ya mishipa, ndugu watafute mtoaji mwingine. Akikosekana, wataitwa wote waambiwe hatari zote mbili, wachague. Kisha mzee wa maabara akaniambia kwa sauti ndogo, "Siri yako ni yako. Nitawaambia damu yako haikufaa, basi. Hilo si uongo."

Nilimshukuru kwa machozi. Nilidhani amenifungulia mlango wa kutokea.

Aliwaambia hivyo hivyo. Mume wangu aliinamisha kichwa. Baba mdogo alinitazama kwa jicho lililosema, mwanamke huyu ameona kinyaa. Mama mkwe alisogeza kanga yake kidogo ili nipate pa kukaa, kisha akaenda kumpelekea mumewe habari. Hakukaa sana. Alitoka akiwa amejishika kichwa kwa mikono miwili.

"Amekataa. Anasema damu ya mkwe imekataa kuingia kwake kwa sababu tumeivunja desturi. Anasema ni ishara. Hataki tena damu ya mtu yeyote. Anasema tumrudishe nyumbani akafie Ibaba."

Daktari aliingia kumshawishi. Mume wangu aliingia. Baba mdogo akaingia akatoka. Kila aliyetoka alitikisa kichwa. Na mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye nyasi na ukweli mdogo ndani ya mdomo, ukweli ambao ungeweza kumwinua mzee yule kuliko hoja zote za daktari. Haikuwa ishara. Ilikuwa kopo la maziwa.

Nilimwendea mume wangu kwanza, nikamvuta hadi kwenye uzio ambako wagonjwa walianika nguo. Nikamwambia. Sindano, nane. Kisha nikamwambia kwa nini. Alifikiri, kama kawaida yake, na katika kufikiri kule uso wake ulibadilika mara tatu.

"Siku ile niliporudi kutoka kambini," akasema mwishoni, "ulikuwa umeanika mashuka yote. Nilishangaa. Sikuuliza."

"Usingeuliza. Nilikupikia ugali haraka ili usiulize."

Aliufunika mkono wangu kwa mkono wake, mbele ya watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Nimwambie mimi?" akauliza.

"Hapana. Ataona unanitetea."

Mama mkwe alitundika kanga kwenye kamba karibu na kitanda cha mumewe, ikawa pazia. Nikaingia wodi ya wanaume nimeinamisha uso, nikapiga magoti upande wangu wa kanga. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia harufu ya mbao kwenye nywele zake. Sikuwahi kumwita kwa jina lolote, kwa hiyo sikujua nianze vipi.

"Baba," nikasema. Kanga ikatikisika. "Nisamehe kwa sauti yangu. Damu yangu haikukataa. Nimeizuia mimi."

Nikamweleza. Niliongea haraka, kama mtoto anayesoma asichokielewa, kwa kuwa niliogopa nikisimama sitaanza tena. Nilimwambia juu ya mimba zilizoharibika na kizunguzungu, juu ya mchomaji na ncha yake, juu ya mtu wa macho ya manjano. Nilimwambia kwamba nilidanganya kwanza, kisha nikashindwa kuendelea. Nikasema, "Hakuna aliyekasirika huko kwa wazee waliotangulia. Ni mimi niliyechomwa kwa sindano chafu, sikutaka uchafu wake uje kwako."

Nilisubiri lawama. Kisha sauti ile ikauliza, polepole sana, "Mimba ngapi?"

"Mbili, baba."

"Ya pili ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Mtoto wa watu," akasema. Akamwita mkewe, si mimi. "Umesikia? Mtoto wa watu amefiwa nyumbani kwetu, na hatukwenda kumlilia. Kisha akaenda kutafuta nguvu kwa mchomaji." Akapumzika. "Mwambieni daktari nitapokea damu ya yeyote atakayempata. Na mwambieni mkwe ainuke chini, sakafu ina baridi."

Mume wangu hakungoja zaidi. Alikuwa amekumbuka kwamba Mama Mwenye Nyumba huwa anatusimulia jinsi alivyomtolea damu dada yake huko Kigoma, na jinsi walivyomwambia kwamba damu yake ni ya O, inakwenda kwa kila mtu. Alipanda gari la kwanza lililokuwa linaelekea Tunduma. Asubuhi iliyofuata, kabla daktari hajamaliza kuzunguka wodini, tukasikia sauti ya Mama Mwenye Nyumba langoni.

"Yuko wapi huyo mzee wangu? Nimekuja na damu, na nimekuja na sukari. Mimi nikitoa damu nakunywa chai, na najua hospitalini hamna sukari."

Ilikuwa miaka ile sukari ilitafutwa kama dawa. Aliifunga kwenye pindo la kitenge, robo nzima. Mzee wa maabara alimwuliza maswali yale yale aliyoniuliza mimi, naye akayajibu kwa sauti ya kusikika uwanjani: hajaugua manjano, hajachomwa sindano tangu mwanawe wa mwisho, na hana mimba isipokuwa kama Mungu ameamua kumfanyia mzaha. Alitoa chupa nzima. Kisha aliketi kwenye nyasi na mama mkwe wangu, wakanywa chai ya sukari kikombe kimoja kwa zamu, mmoja na tasbihi mkononi na mwingine na kitabu cha nyimbo mapajani, wakihadithiana watoto.

Baba mkwe alipasuliwa siku hiyo hiyo. Alilala hospitali miezi miwili na alitoka akichechemea, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. Kupasua mbao hakurudia, lakini aliwafundisha wengine kupasua, na aliishi miaka mingi.

Mimi niliporudi Tunduma nilikwenda kwanza kwa mchomaji. Nilikuwa nimepanga maneno makali. Alinisikiliza hadi mwisho, kopo likitokota kando yake.

"Dada," akasema, "mimi mwenyewe najichoma kwa hii hii."

Alisema bila kujitetea, na maneno yangu makali yakaniishia. Nilimfundisha nilivyomwona mzee wa maabara akifanya: maji yatokote, muda upite, kila mtu na ncha iliyochemshwa upya. Alisikiliza kama wanafunzi wangu wa kisomo. Kwa majuma kadhaa watu walilalamika kwamba siku hizi daktari anachelewesha. Kisha siku moja chumba kile kilikuwa kitupu, na mshonaji alisema amevuka mpaka. Sikujua kama alihama kwa hofu au kwa ugonjwa.

Kwangu ugonjwa ulikuja mwezi uliofuata. Chakula kilianza kunuka vibaya, mkojo ukawa kama chai ya rangi, na asubuhi moja mwanafunzi wangu mwuza karanga alinitazama machoni akafunika mdomo. Nilikuwa manjano. Nilirudishwa kwa mzee yule yule wa maabara. Alinifunua kope, kisha akaiweka chini kalamu yake. Nilijua anachofikiri, kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hicho hicho: mtu mwenye paja lililovunjika, asiye na damu, akipata na haya.

"Kapumzike," akasema. "Utapona. Wewe una nguvu za kupona."

Miaka michache baadaye ulikuja ugonjwa mwingine, mkubwa kuliko huu, ukapita mjini kwetu na barabarani kwetu na kuchukua watu niliowafundisha kuandika majina yao. Ndipo hospitali zikapata vyombo vya kuona kwenye damu vile ambavyo mzee yule hakuviona. Nimefurahi vipo. Lakini hata leo mhudumu akiniuliza maswali, nayajibu yote, na pale nisipokuwa na uhakika nasema sina uhakika.

Mama mkwe alishuka kutoka Ibaba kuja kuniuguza. Alikuja na viazi, maharage na blanketi zito ambalo Tunduma halina kazi, akanilaza na kulifunika hata hivyo. Alikaa mwezi na zaidi. Alininywesha uji mwepesi kwa kijiko, na nilipoutapika alipika mwingine. Mume wangu akiwa kazini tulibaki wawili, mlango wazi, kelele za malori ya mpakani zikiingia pamoja na vumbi.

Mchana mmoja, nilipoanza kupata nafuu, alijinyoosha kwenye mkeka kando ya kitanda changu. Nilidhani anapumzisha mgongo. Akaanza kuongea akitazama mabati.

"Kabla ya mumeo nilizaa msichana. Aliishi siku nne. Nilimpa jina mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyeharakisha kumpa. Baba yenu hajui kama nilimpa jina. Hajui mtu."

Akalitaja. Sitaliandika hapa, kwa kuwa hakunipa ili nilitoe. Kisha akaniuliza kama wale wangu wawili niliwapa majina. Nikasema sikujua kama inaruhusiwa.

"Inaruhusiwa," akasema, akaunyoosha mkono juu ukapata wangu kitandani. "Fikiri taratibu. Sina haraka ya kurudi."